Mishiri Yetu na Jina la Saba

Chama cha Wakulima wa Mishiri, Sagana Chini,
S.L.P. 37,
Sagana.

Jumatatu, 14 Machi 1988

Kwa Mheshimiwa Mama Mwenyekiti,
Kamati ya Biashara ya Nje,
Bunge la Ng'ambo.

Mheshimiwa Mama,

KUH: MISHIRI KUZUILIWA KWA SABABU YA HAKI ZA BINADAMU

Pokea salamu zangu na za wanachama mia moja na arobaini wa chama chetu, wote wakiwa wazima isipokuwa matumbo. Mimi ni Moffat Ngatia, mwenyekiti wa chama, mzee wa kanisa, na mkulima wa mishiri tangu mbegu ya kwanza ilipofika Sagana. Kama huko mnaiita kwa jina lingine, ni yale maharagwe mabichi membamba ambayo nyinyi mnayala pamoja na maganda yake, jambo ambalo sisi kwa heshima hatukuwahi kuwauliza sababu. Ninaandika kwa Kiswahili kwa kuwa Kiingereza changu ni cha kusalimia tu. Lakini bunge linaloweza kujua mambo ya Sagana haliwezi kukosa mtu wa kulisomea Kiswahili.

Wiki tatu zilizopita Bwana Harshad, ambaye ndiye anayenunua mishiri yetu na kuifungasha hapa Sagana kabla haijapelekwa uwanja wa ndege, alitoka ofisini mwake ameshika karatasi ya teleksi. Tulikuwa tumepanga foleni na kreti zetu. Akatueleza kwamba ule mkataba wa biashara baina ya nchi yetu na yenu, ambao ungeiingiza mishiri yetu kwenu bila ushuru, umekwama mezani kwako, na wanunuzi wa huko, kwa kuogopa maneno, wamesimamisha kila kitu. Si kwa sababu ya wadudu. Si kwa sababu ya dawa. Ati ni haki za binadamu. Mmeandika majina kumi na moja ya watu wa nchi hii ambao hamjui waliko, na mmesema hamtii sahihi mpaka muelezwe. Jina la saba ni Wamae Mathenge.

Mama, Wamae Mathenge ni katibu wa chama chetu. Pia ameoa dada yangu. Katika maisha yangu sikudhani mtu wa Sagana Chini angesomwa jina katika bunge la ng'ambo, na sasa amesomwa, imekuwa ya kutuharibia mishiri. Kwa hiyo ninaleta malalamiko yetu kama ifuatavyo:

1. Mmemshika asiyehusika. Mshiri haujamkosea binadamu yeyote. Unachumwa ukiwa mwembamba kama penseli. Leo ni mzuri, kesho umenenepa, keshokutwa ni kamba ya kufungia mbuzi. Binadamu hayuko hivyo. Wamae amekaa huko aliko miezi saba, na sina shaka siku akitoka atakuwa bado ni binadamu, pengine amekonda kidogo, na wembamba ndio nyinyi wenyewe mnaoupenda. Mtu akiwa na vitu viwili, kimoja kinaweza kungoja na kingine hakiwezi, anaanza na kile kisichoweza kungoja. Nashangaa bunge zima limekosa mkulima hata mmoja wa kuwaeleza hivyo.

2. Tunaila. Sisi ni watu wa githeri ya mahindi na maharagwe, watu wa viazi na ndizi, na mishiri hatukuipanda ili tuile, tuliipanda ili muile nyinyi. Sasa hakuna pa kuipeleka. Mke wangu Kabura ameitia kwenye githeri, ameiponda na viazi, ameipika na mchele, na juzi aliitia kwenye uji, ingawa anakataa. Mama Lilavati, mke wa Bwana Harshad, alikuja mwenyewe akawafundisha akina mama kuikaanga na haradali na bizari. Siku ya kwanza ilikuwa tamu kweli, na niliomba niongezewe. Leo ni siku ya kumi na tisa. Ng'ombe wangu aliila siku mbili, na siku ya tatu akasimama akanitazama tu. Jumapili iliyopita ilikuwa sadaka ya mavuno, na watu wote, bila kuambiana, walileta mishiri. Pasta alishukuru, kisha akaomba kwa upole kwamba Bwana awakumbushe waumini juu ya ndizi.

3. Sasa niseme juu ya huyo Wamae mwenyewe, maana naona mmeelezwa vibaya. Hakukamatwa. Mwezi wa nane mwaka jana, kwenye baraza, chifu wetu alitangaza kwamba lile josho la ng'ombe tulilolichangia wote limekwisha kujengwa, akatupongeza, nasi tukapiga makofi. Wamae akasimama. Akavua kofia. Akauliza kwa adabu kabisa josho liko upande gani, ili ampeleke ng'ombe wake ambaye kupe wanammaliza. Ni hilo tu. Shida haikuwa swali, shida ni kwamba watu walicheka, na kwa kuwa ninaandika ukweli mtupu, aliyeanza kucheka ni mimi. Baada ya siku tatu walikuja wanaume wawili na Landrova, wakasema wako na maswali machache. Ni miezi saba sasa wanaendelea na hayo maswali machache. Wa kulaumiwa ni Wamae. Ninamjua tangu tukiwa shule, hajui kujibu kwa ufupi. Ukimwuliza kwa nini mshiri umepinda, anaanza na mvua ya mwaka juzi.

Isitoshe, hayuko. Kila Jumamosi dada yangu Watiri huenda Nyeri na kiondo chenye chapati na kuku, mpaka kwenye jengo moja ambalo sitalitaja. Dirishani anaambiwa mtu wa jina hilo hayuko na hajawahi kuwako. Kisha wanapokea chakula. Baada ya saa moja wanamrudishia bakuli lake, likiwa limeoshwa vizuri, na hiyo ni adabu ambayo ripoti yenu haikuitaja hata kwa mstari mmoja. Sasa Mama, hebu tufikiri pamoja. Kama Wamae hayuko, basi hajafungwa. Kama hajafungwa, hakuna haki yake iliyovunjwa. Na kama haki haijavunjwa, mnaizuilia nini mishiri? Siku hizi kuku wamekwisha, na Watiri anabeba mishiri kama sisi wengine, na bado inapokelewa. Ila nasikitika kusema kwamba tangu aanze kupeleka mishiri, bakuli linarudi halijaoshwa, limepanguswa kwa vidole tu. Hata ile adabu kidogo iliyokuwako imeanza kupotea, na kwa hilo pia ninailaumu kamati yako.

Sisemi kwamba Wamae hana faida. Yeye ndiye aliyekuwa akichagua mishiri yetu, ya daraja la kwanza huku na ya pili kule, na alikuwa akifanya kwa vidole bila kutazama, huku anaongea na mtu mwingine. Tangu aondoke, nusu ya kreti zetu zilikuwa zinarudishwa hata kabla ya hayo maneno yenu. Wasichana wake wawili wanakuja kwangu jioni wanaketi tu, hawaulizi kitu. Nimemkumbuka sana, na nimemkasirikia sana, na sioni kwa nini nisiandike yote mawili.

4. Wageni wenu. Mwezi wa kwanza mlituma watu wawili kuja kuangalia kama tuko huru. Mama, tulijitayarisha kwa wiki nzima. Chifu alipita nyumba kwa nyumba akihakikisha kwamba kila mtu atakuwa huru kufikia saa tatu asubuhi. Wale waliokuwa na nguo zilizoraruka waliombwa wabaki nyumbani wakiwa huru. Akina mama walifanya mazoezi ya wimbo wa uhuru mpaka sauti zikakauka. Mzee Ndungu, ambaye hasikii, aliwekwa mstari wa mbele kwa sababu swali haliwezi kumshtua. Tukachinja mbuzi. Wageni wakala, wakashukuru, halafu yule mwanamke mwenye miwani akauliza kama kuna mtu yeyote hapa anayeogopa. Sisi wote tukamtazama chifu. Chifu akatikisa kichwa. Nasi tukasema hapana, kwa sauti moja, vizuri kabisa.

Sasa nasikia ripoti yao imeandika ati wananchi walitazama upande mmoja kabla ya kujibu. Huo ni ukosefu wa heshima. Kwetu mtu hajibu mgeni kabla mkubwa wake hajajibu, tulifundishwa hivyo na wazazi wetu. Kama tungetaka kuwadanganya wageni tungewatazama machoni.

5. (Hili nimelifuta kwa hiari yangu mwenyewe baada ya chifu kusoma barua.)

6. Kwa kuwa mimi si mtu wa kulalamika tu bila kuleta dawa, kamati ya chama imenituma nikupe mapendekezo. Kwanza, haki za binadamu zishughulikiwe kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane. Wakati huo huku ni baridi na ukungu, mishiri haifanyi vizuri, na watu wana nafasi. Pili, kama ni lazima mzuie kitu, zuieni kahawa. Kahawa inaweza kukaa kwenye gunia mwaka mzima ikingojea haki, na wenye kahawa wamezoea kucheleweshewa. Bwana Kihara, mwenyekiti wa wakulima wa kahawa, amekataa pendekezo hili, lakini alikataa akiwa na hasira. Tatu, kama kwenye orodha ni lazima pawe na jina la saba, tafuteni mtu kutoka mahali wasipolima kitu cha kupeleka ng'ambo. Naro Moru kuna wapagazi wa kupandisha Wazungu mlimani, na mlima hauozi. Sisemi apatikane na shida mtu wa Naro Moru, la hasha, nasema tu kwamba kama tayari kuna mwenye shida, yeye atumike.

Na kama hayo yote hayawezekani, basi ulizeni habari za Wamae kwa barua ya peke yake, barua ya kawaida yenye stempu, bila kutaja mishiri. Najua mtaniambia kwamba barua kama hizo zimeandikwa. Ni kweli. Mimi mwenyewe niliandika nne, kwa ofisi nne. Watiri aliandika tisa. Pasta aliandika moja, ndefu. Hakuna iliyojibiwa, lakini hiyo ni kwa sababu maofisa wana kazi nyingi, na kutojibiwa hakujaharibu mboga ya mtu.

7. Mwisho, na hili ndilo kubwa. Ili kukuonyesha kwamba malalamiko haya ni ya wananchi wenyewe, chama chetu kitafanya mkutano mkubwa siku ya Alhamisi katika uwanja wa kanisa, kwaya ikiwepo, na tutapitisha azimio la kulaani haki za binadamu. Kipengele cha kwanza kinasema kwamba sisi wakulima wa Sagana Chini tuko huru kukutana popote na kusema lolote. Cha pili kinawataka watu wa ng'ambo waache kutuuliza. Chifu ameusoma mswada akaupenda, na akasahihisha mahali pawili. Nitaambatisha azimio hilo na barua hii, ndiyo maana sijaitia posta bado.

Sitakuficha kwamba kuna mmoja hatakuja. Watiri nilimpelekea azimio atie sahihi, nikamweleza jinsi kesi ya mumewe inavyotuumiza sote. Alikuwa anakata ncha za mishiri. Hakuinua kichwa. Akaniambia, "Kaka, nimeuliza miezi saba mume wangu yuko wapi. Ni hii mishiri peke yake imeuliza pamoja na mimi." Nimeiandika hapa ili uone jinsi akina mama wanavyochanganya mambo ya nyumbani na mambo ya biashara. Nilirudi kwangu nikakosa hamu ya kula, ingawa siku hizo hamu tayari ilikuwa haiko.

Kwa hayo machache ninakuomba, Mheshimiwa Mama, utie sahihi mkataba upesi, kabla ya mvua ndefu kuanza.

Nisalimie wanakamati wenzako wote, pamoja na wale wasiotupenda. Msalimie mumeo kama yuko, na watoto, na wanaokupikia, na waambie kwamba mishiri haihitaji kuchemshwa sana. Wasalimie wale wageni wawili, na yule mwenye miwani mwambie mbuzi alikuwa wangu. Nawe ndugu yangu wa posta ambaye utaifungua barua hii kabla haijaondoka, pokea salamu pia. Najua unafanya kazi yako, ila nakusihi uirudishe gundi vizuri.

Ni mimi wako mtiifu, niliye huru,

Moffat Ngatia
Mwenyekiti

NYONGEZA. Jumapili, tarehe 20.

Mheshimiwa Mama,

Barua hii ilikuwa ndani ya koti langu ikingojea azimio, na mimi pia nilikuwa ndani ya koti, kwa hivyo tulichukuliwa pamoja. Imeonekana kwamba mkutano wa watu wengi namna ile unahitaji laiseni kutoka kwa Bwana DC. Chifu amekiri kwamba aliusoma mswada na akaupenda, lakini kupenda si laiseni. Askari walikuja kwa heshima, wakaiacha kwaya imalize ubeti. Tulikuwa tumefika pale kwenye kipengele cha kwanza, kinachosema tuko huru kukutana. Mimi kama mwenyekiti nimeombwa kujibu maswali machache. Leo ni siku ya nne na bado hatujafika swali la pili.

Niko Nyeri, kwenye lile jengo. Nimewekwa chumba kimoja na mtu ambaye hayuko na hajawahi kuwako. Mama, amekonda, na ndevu zimekuwa nyeupe zote, na mimi mzee wa kanisa nililia kama mtoto. Aliniacha nilie. Kisha akaniuliza habari za Watiri na wasichana, na baadaye akauliza mishiri imefikia unene gani. Nikamweleza yote, orodha yenu, jina la saba, kreti, uji wa Kabura na ng'ombe wangu. Nilimsomea barua hii tangu mwanzo. Alicheka pale pa mlima usiooza, na nilishukuru Mungu kusikia kile kicheko, maana safari hii aliyeanza ni yeye.

Sasa sikiliza jambo hili. Wamae ananiambia kwamba kwa miezi yote ile, kuku wa dada yangu hakumwona hata mfupa. Chapati hakuziona. Vilikuwa vinaliwa hapo dirishani, na bakuli linaoshwa. Chakula cha kwanza kutoka nyumbani kilimfikia wiki tatu zilizopita, na alishangaa kwa nini. Jana nikaona sababu kwa macho yangu. Koplo mmoja, mtu wa Kianyaga ambako pia wanalima mishiri, aliingia na bakuli la Watiri, uso ameukunja. Akasema, "Huyu mama ameleta hiyo mishiri tena. Nikienda leave kwetu ni hiyo, nikirudi kazi ni hiyo. Kuleni nyinyi." Akaliweka chini akaenda zake.

Tukala, Mama. Sijawahi kula mishiri tamu namna ile. Tulipomaliza, Wamae akalipangusa bakuli kwa vidole vitatu, akaacha alama zake, kama anavyofanya kila Jumamosi, ili Watiri akilishika ajue ni nani aliyekula. Sijui kama dada yangu amezisoma. Nafikiri amezisoma, maana sasa nakumbuka hajapika kitu kingine.

Koplo amekubali kuitia barua hii posta. Amesoma ukurasa wa kwanza tu, akasema ni barua nzuri ya mwananchi mwema.

Kwa hivyo ninaondoa lalamiko la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la sita na la saba. La tano ninalirudisha. Lilikuwa linauliza josho liko wapi.

Na kwenye orodha yenu ongezeni jina la kumi na mbili, mkiliweka karibu na la saba kama nafasi ipo. Lakini mkataba, Mama, nakusihi usiutie sahihi hata mkiletewa wimbo. Iacheni mishiri ikae hapa, inenepe, iwe kamba. Ikiondoka tu, Watiri atapata pesa, atanunua kuku, na sisi huku ndani tutakufa njaa.

M. N.